Klabu ya Vitabu Iliyopeleka Watu Mirihi

Jamhuri ya Shwari haifanani na nchi yoyote mnayoijua. Mkiona inafanana, tatizo ni macho yenu, na kwa magonjwa ya macho Shwari ina hospitali nzuri sana, ila daktari wake amesafiri. Ni nchi ya amani. Amani yake ni nyingi kiasi kwamba imelazimu kuongeza askari wa kuilinda, na wananchi wake wana furaha isiyo na mfano, isipokuwa wale wachache waliokamatwa kwa kukosa furaha hadharani.

Katika mji wa Tulizana, nchini humo, aliishi mwalimu mstaafu wa jiografia aliyeitwa Bi. Sikudhani Mbwego. Alikuwa mjane, mwenye sauti ya darasani ambayo haikustaafu pamoja naye, na kila Jumamosi alasiri sebule yake iligeuka klabu ya vitabu. Wanachama walikuwa wachache. Alikuwepo Daktari Chilongani, mganga wa meno, mtu aliyekubaliana na wenzake kabla hawajamaliza kusema. Alikuwepo Mzee Ngulangwa, zamani mtabiri wa hali ya hewa redioni, aliyefukuzwa kazi kwa kutangaza kwamba mvua ingenyesha siku ya Sherehe za Uhuru. Ikanyesha kweli, na hilo ndilo lililomponza, isingenyesha wangemsamehe. Na alikuwepo Mwanaharusi, binti pekee wa Mzee Ngulangwa, mshonaji wa sare za shule, ambaye alisoma taratibu, akasikiliza sana na kusema mara chache.

Klabu hii ilisoma riwaya za anga za mbali: vyombo vya kuruka kati ya nyota, vita vya sayari, wafalme wenye majeshi ya chuma. Si kwamba walianza hivyo. Walianza na riwaya za mapenzi, lakini hizo zilipigwa marufuku kwa sababu ndani yake mke humchoka mume aliyekaa naye miaka mingi, na serikali iliona wananchi wangeweza kupata mawazo. Wakahamia riwaya za upelelezi, nazo zikapigwa marufuku kwa tabia yake mbaya ya kumkamata mwizi mwishoni. Vitabu vya historia vilikuwa vimefungwa kwa matengenezo. Zikabaki riwaya za anga, ambazo hakuna mkubwa aliyezikataza maana hakuna mkubwa aliyezisoma. Mzee Ngulangwa alizinunua sokoni, zimechakaa, nyingine hazina jalada, na Bi. Sikudhani akazipenda kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote kilichoandikwa. Huko, alisema, kuna nafasi ya mtu kupumua.

Ndipo Mtukufu Mlezi wa Taifa alipotangaza kwamba Shwari itapeleka mtu Mirihi.

Hotuba ilirushwa na vituo vyote vya redio, yaani kile kimoja. Mtukufu aliwakumbusha wananchi waliokuwa wakilalamikia mabomba makavu kwamba Mirihi hakuna maji kabisa, na hajawahi kusikia mtu wa huko akinung'unika. Kisha akaagiza kwamba, ili kuandaa akili za taifa kwa safari hiyo, kila klabu ya vitabu nchini ichague riwaya moja ya anga inayofaa kusomwa na watu wote.

Wiki iliyofuata, Bwana Kilindo alibisha hodi kwa Bi. Sikudhani. Alikuwa Afisa Mwandamizi wa Uteuzi wa Ndoto za Taifa, kijana mnene mwenye adabu, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa na kukaa kwenye kiti cha marehemu mume wa mwenye nyumba.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi nimekuja kusaidia tu," alisema. "Ninyi mchague kwa uhuru kamili. Mimi nitawaambia mkikosea."

Mzee Ngulangwa alimpa riwaya ya kwanza. Bwana Kilindo akaifungua katikati.

"Hawa viumbe wana ngozi ya kijani. Kwa nini kijani?"

"Ni watu wa sayari nyingine, bwana mkubwa. Hutokea hivyo."

"Kijani ndiyo iliyokuwa rangi ya kile chama ambacho hakikuwahi kuwepo. Haifai. Nipe nyingine."

Ya pili ilikuwa na waasi. Ya tatu haikuwa na waasi lakini ilikuwa na njaa. Ya nne, chombo cha kuruka kiliharibika njiani, jambo ambalo kwa programu ya anga ya Shwari lilikuwa uchochezi. Ya tano ilimhusu mtu mmoja aliyesafiri peke yake miaka na miaka kati ya nyota, na Bi. Sikudhani alidhani hapo wamepona.

"Peke yake?" Bwana Kilindo aliuliza. "Na kiongozi wake ni nani?"

"Hana. Yuko peke yake."

"Mtu anaishi miaka yote hiyo bila kuongozwa, na bado anafurahi? Mwalimu, ulikuwa unafundisha watoto mambo haya?"

Daktari Chilongani alisema hata yeye aliona kasoro hiyo tangu zamani, ila alikuwa anasubiri wakubwa waione.

Mwisho wa yote ilibaki riwaya moja, kipenzi cha Mzee Ngulangwa, iitwayo *Kiti cha Enzi cha Zohali*. Ilimhusu mfalme wa sayari nyingi aliyetawala muda mrefu hivi kwamba watu walisahau kwamba aliwahi kuzaliwa. Bwana Kilindo alisoma theluthi ya kwanza akatabasamu. Alisoma ya pili akaacha kutabasamu. Akaichukua ile ya tatu kwa vidole viwili, akaing'oa yote mpaka kwenye gundi, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Sasa ni kitabu safi," alisema.

Kikachapwa, kikasambazwa mashuleni, makambini na magerezani. Kiliishia mahali ambapo mfalme, ameketi kwenye kiti chake, ananyoosha mkono na kuomba maji. Sentensi yenyewe ilikatika hapo: "Mfalme akanyoosha mkono, akaomba maji, na." Wahakiki wa gazeti la serikali waliandika kwamba huo ni mwisho wenye kina.

*

Bahati mbaya, Mtukufu Mlezi alikisoma.

Alikuwa hajasoma kitabu tangu alipoandikiwa chake, lakini mwezi ule alikuwa anaumwa kidogo, au tuseme anapumzika, kwa kuwa Mtukufu haumwi bali hupumzika, na mtu akamwachia nakala kitandani. Alipofika kwenye "na", akageuza ukurasa. Hapakuwa na ukurasa. Akauliza watu wake: huyu mfalme aliletewa maji au hakuletewa? Hakuna aliyejua. Mawaziri wakaulizwa mmoja mmoja, wakakisifu kitabu kwa machozi, lakini kuhusu maji hawakuwa na taarifa.

Klabu ya Bi. Sikudhani ikaitwa Ikulu. Walipelekwa asubuhi na gari lenye mapazia, wakavuliwa saa, mikanda na miwani, wakasimamishwa mbele ya kitanda kikubwa. Ndani ya kitanda hicho alikuwemo mzee mdogo kuliko picha zake, mwenye shingo nyembamba na macho makali. Bwana Kilindo alisimama ukutani amekauka kama gogo.

"Nataka kujua kitu kimoja," Mtukufu alisema. "Aliletewa maji?"

"Aliletewa, Mtukufu," akajibu Daktari Chilongani. "Tena ya baridi."

"Halafu?"

"Akanywa, Mtukufu. Akayasifu."

"Halafu?"

Daktari alifungua mdomo, ukabaki wazi kama wa wagonjwa wake. Mtukufu akamgeukia Bi. Sikudhani.

"Wewe ndiye mwalimu. Halafu?"

Bi. Sikudhani alikijua kile kitabu. Angeweza kukisimulia bila kukifungua. Angeweza pia kudanganya, maana mtu aliyesimama mbele ya watoto miaka yote ile hashindwi kubuni. Lakini katika kichwa chake hapakuwa na neno hata moja isipokuwa jina la mtu aliyesimama kando yake.

"Mtukufu," alisema, "Mzee Ngulangwa ndiye anayekijua kitabu hiki kuliko sisi sote."

Mwanaharusi aligeuka akamtazama.

Mzee Ngulangwa alikohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa zamani redioni kabla ya kutangaza hali ya hewa, akasema kwa sauti ileile tulivu: "Hakuletewa, Mtukufu. Wakati anaomba maji alikuwa anakata roho, na walinzi walidhani anawapungia mkono, wakampigia saluti. Akafa. Watu wake wa karibu wakaogopa kutangaza, kwa sababu mwenye kutangaza angeulizwa amejuaje. Basi wakaendelea kumletea chakula na kumsomea taarifa. Huku chini, wananchi wa sayari zile wakaanza kuondoka usiku, chombo kimoja kimoja. Mwishowe hakubaki mtu ila mfalme na wasomaji wa taarifa, na taarifa zenyewe zilikuwa zinasema mambo ni mazuri."

Bwana Kilindo alikuwa amefumba macho.

Mtukufu alitazama dari. Halafu akacheka, kicheko laini, karibu cha upendo.

"Hadithi nzuri. Nilijua tu haiwezi kuishia pale." Akampa Mzee Ngulangwa mkono, akaushikilia. "Unajua sana mambo ya anga, mzee wangu. Mtu kama wewe tunamwacha chini kwa nini?"

Ndivyo Shwari ilivyompata mwanaanga wake wa kwanza.

*

Chombo kilikuwa tangi la chuma lililochukuliwa kutoka kiwanda cha maziwa kilichokufa. Kilipakwa rangi nyeupe na bendera, kikawekewa kidirisha cha kioo, na chini yake wakapanga mapipa ya mafuta. Wahandisi waliohoji walipelekwa kusomea zaidi. Waliobaki walithibitisha kwamba kwa hesabu za kizalendo kingeruka.

Siku ya safari, uwanja wa michezo wa Tulizana ulijaa watu waliokuja kwa hiari ndani ya malori ya jeshi. Mzee Ngulangwa alitembezwa mbele yao ndani ya suti ya fedha iliyomzidi. Alipopita karibu na Bi. Sikudhani alisimama kidogo.

"Leo hakuna upepo kabisa, mwalimu," alimwambia. "Moshi utakaa."

Bi. Sikudhani alitaka kumjibu, lakini walinzi walikuwa wamekwishamwondoa.

Kisha mkuu wa itifaki akatangaza kwamba, kwa heshima ya tukio hilo tukufu, wananchi wote watafumba macho na kuimba wimbo wa taifa mpaka watakapoambiwa wafumbue. Atakayefumbua mapema atahesabiwa kuwa jasusi. Watu wakafumba. Wakaimba. Chini ya wimbo ukasikika mlipuko, halafu kitu kikubwa kikianguka kwa ubavu, halafu sauti ya kugonga: chuma, kikigongwa kutoka ndani.

Bi. Sikudhani alifumbua jicho moja. Aliona tangi limelala kwenye moto. Aliona kile kidirisha, na ndani yake kiganja kimebandikwa kwenye kioo, kikiondoka na kurudi. Akalifumba tena jicho lake na kuimba kwa nguvu zaidi, na kugonga kukaendelea mpaka ubeti wa mwisho, ambao bendi ilitakiwa kuurudia.

Waliporuhusiwa kufumbua, palikuwa na turubai kubwa, moshi usiokwenda popote, na mkuu wa itifaki akinyooshea kidole mbinguni. "Yule pale!" alilia kwa furaha. Umati ukashangilia. Kwa kuwa wote walikuwa wamefumba macho, haijulikani mpaka leo kwa nini wengi wao walikuwa wanalia.

*

Jumamosi iliyofuata Bwana Kilindo alivua viatu mlangoni kama kawaida.

"Mzee amefika salama," alisema. "Tatizo ni kwamba hajatoa ripoti, na taifa linasubiri. Ninyi mmesoma vitabu vyote hivi. Mnajua kule kukoje. Mtukufu anaomba mmsaidie kusema."

"Kusema nini?" Bi. Sikudhani aliuliza.

"Chochote chenye kupendeza. Kitasomwa redioni kila Jumapili: *Salamu Kutoka Mirihi*." Akapanga kalamu juu ya meza. "Au kama mnaona shida, chombo cha pili kina viti viwili."

Basi klabu ikaendelea kuchagua riwaya. Zile zilizokataliwa zilirudishwa kutoka stoo ya polisi, na kila Jumamosi Bi. Sikudhani na Daktari Chilongani waliamua wiki hii Mzee Ngulangwa atasema kutoka kitabu kipi. Daktari alipenda milima ya vioo. Bi. Sikudhani alipendelea riwaya ya yule msafiri wa peke yake, kwa sababu lugha yake ilikuwa na huzuni ya kupendeza. Mwanaharusi alikuja pia. Alikaa kwenye kiti cha baba yake na kushona, hakuchangia.

Mwanzoni Bi. Sikudhani aliandika akitetemeka. Wiki ya pili alitetemeka kidogo. Baadaye aligundua jambo ambalo hakuweza kumwambia mtu: alikuwa anaandika vizuri. Sokoni watu walinyamaza redio ilipoanza. Muuza vitunguu alifuta machozi aliposikia jinsi miezi miwili ya Mirihi inavyopishana juu ya bonde jekundu. "Huyu mzee ana maneno matamu," alisema, "kumbe zamani walikuwa wanampa mvua tu." Bi. Sikudhani alirudi nyumbani amejaa joto kifuani, na alipotambua kwamba joto lile ni fahari, akaketi jikoni muda mrefu ameshika kikombe kitupu.

Halafu ikatangazwa kwamba chombo cha pili kimekamilika na taifa linatafuta wa kumfuata Mzee Ngulangwa. Bwana Kilindo alikuja na wazo.

"Safari hii mzee amkumbuke binti yake. Watu watalia sana."

Bi. Sikudhani alielewa. Alikaa na kalamu alasiri nzima, na kwa mara ya kwanza tangu Ikulu akapiga moyo konde. Aliandika kwamba usiku wa Mirihi ni mrefu, kwamba mkate una ladha ya vumbi, na mwisho akaandika kwa herufi kubwa, zilizo wazi: *Mwanangu, usije huku.*

Bwana Kilindo alisoma kwa makini. Akafuta usiku, akafuta mkate. Kwenye sentensi ya mwisho alisita, kama mtu anayependa kazi yake, kisha akapitisha kalamu mara moja tu, juu ya silabi moja katikati ya neno.

"Sijaongeza kitu, mwalimu," alisema. "Nimepunguza tu."

Jumapili, redio ikasoma kwa sauti nzito ya msomaji wake bora: *Mwanangu, uje huku.*

*

Mwanaharusi alikuja kuaga asubuhi, amevaa suti ya pili ya fedha. Aliipunguza mwenyewe kiunoni, ikamkaa vizuri. Walinzi walimsubiri nje kwenye gari.

Bi. Sikudhani alimkalisha, akamshika mikono yote miwili. "Harusi, mwanangu, nisikilize. Baba yako hayuko—"

"Najua," Mwanaharusi alisema. "Nilifumbua macho. Yote mawili."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Mbona hukusema? Jumamosi zote hizi umekaa hapa."

"Ningemwambia nani, mwalimu? Wewe?"

Bi. Sikudhani alimwachia mikono.

"Basi kataa," alisema. "Waambie unaumwa. Waambie una mimba. Daktari ataandika chochote tutakachomwambia."

"Baba yangu ameniita mbele ya taifa zima. Nikikataa nimesema baba ni mwongo, na nikisema baba ni mwongo, wa pili kuulizwa ni wewe." Alisema bila hasira, kama anayemweleza mteja kwa nini kitambaa hakitoshi. Nje, honi ya gari ililia, na Mwanaharusi akasimama. "Nina ombi moja. Ukianza kuniandikia mimi, andika kidogo. Mimi si mtu wa maneno. Na usimwite mtu mwingine."

"Nakuahidi," Bi. Sikudhani alisema, akilia.

Uwanjani, safari hii, alifumba macho yote mawili, akayabana hata yakamuuma, akaimba kila ubeti. Mkuu wa itifaki alimpongeza baadaye kwa sauti yake.

Jumamosi sebule ilikuwa na watu wawili tu. Daktari Chilongani alipekua vitabu, akauliza waanze na kipi. Yeye angependekeza kile chenye bahari ya nuru, maana binti ni binti, atapenda vitu vinavyong'aa. Bi. Sikudhani akakubali. Alikusudia mistari michache, lakini bahari ile ilikuwa nzuri mno, na alipokuja kuinua kichwa alikuwa amejaza kurasa kadhaa.

Bwana Kilindo alifika, akavua viatu, akachukua kalamu yake na kuanza kusoma. Alisoma mpaka mwisho. Pale mwishoni, bila kuombwa wala kutishwa na mtu, kwa sababu tu aya ilihitaji kufungwa vizuri, Bi. Sikudhani alikuwa ameandika: *Ndugu zangu, nafasi ni kubwa huku. Njooni.*

Afisa alirudisha kifuniko cha kalamu.

"Mwalimu," alisema kwa heshima ya kweli, "leo sina cha kukata."